Kumtegemea Mungu si kukisia tarehe ya mpaka kufunguliwa

Niliwahi kuitikia "amina" moja iliyowagharimu wenzangu 22 akiba zao. Ilikuwa Juni 2019, hapa hapa Kigali, na habari yenyewe ilikuwa ya mpaka wa Gatuna. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnaishi kwa kuvuka mipaka, na mipaka yetu haijaacha kufungwa na kufunguliwa. Kwa hiyo naona si vibaya nikaisimulia habari hiyo, kisha niseme nilichojifunza kuhusu maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyapima: mpango wa Mungu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho kwa Kinyarwanda tunakiita ikimina, kilikuwa na watu 23. Wengi walikuwa akina mama wenye vibanda Nyabugogo na Kimisagara. Baadhi yao walikuwa wakileta bidhaa kutoka Kampala: sabuni, vyombo vya plastiki, nguo za watoto. Kutoka Kigali hadi Gatuna ni kama kilomita 80 tu, na kabla ya mwaka ule watu waliiona safari hiyo kama kwenda shambani na kurudi. Mimi nilikuwa mweka hazina. Kanuni yetu ilikuwa nyepesi: hakuna anayekopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na kila mkopo una wadhamini wawili.

Mwishoni mwa Februari 2019 Gatuna ikafungwa kwa malori ya mizigo. Tuliambiwa kuna ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani, na magari yakaelekezwa Kagitumba. Siku chache baadaye Wanyarwanda tukashauriwa tusiende Uganda. Kila mtu alijua kwamba nyuma ya ujenzi kulikuwa na ugomvi wa serikali mbili, na kila mtu aliamini ungekwisha baada ya wiki mbili tatu. Machi ikapita. Aprili ikapita. Vibanda vikaanza kubaki na rafu tupu.

Mwezi Mei mhubiri mmoja mgeni alikuja kwenye maombi yetu ya Jumatano jioni. Simtaji jina wala kanisa lake, maana tatizo halikuwa lake peke yake. Alisema Mungu amemwonyesha kwamba mpaka utafunguliwa kabla ya mwisho wa Juni, na kwamba atakayekuwa tayari ndiye atakayekula wa kwanza. Tuliitikia amina kwa nguvu. Kisha likatoka tangazo la serikali: kuanzia tarehe 10 hadi 22 Juni malori makubwa yangeruhusiwa kupita Gatuna ili kuijaribu kazi ya ujenzi iliyofanyika. Tangazo lilisema majaribio, na lilitaja siku ya mwisho. Sisi tulisikia unabii umetimia.

Mama mmoja wa kikundi, mjane mwenye watoto wanne, akaomba mkopo wa kuagiza mzigo Kampala. Aliomba karibu pesa zote za sanduku. Wadhamini hakuwa nao. Mimi mweka hazina, niliyepaswa kusema hapana, nikasema, "Mungu ameshafungua, sisi ni nani tuzuie?" Nikampa. Pesa zikaenda Kampala kwa muuzaji wa jumla. Mzigo ulikuwa bado huko, ukingoja kuunganishwa na mizigo ya wengine, zile siku 12 zilipokwisha. Mpaka ukafungwa tena, safari hii kwa miaka.

Jumapili moja jioni alikuja nyumbani kwangu. Alikataa chai. Akasema, "Mzee, mzigo umebaki ng'ambo, na muuzaji anasema pesa ameshazitumia." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa niambie. Mungu alisema uongo, au mimi sikuamini vya kutosha?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu ninalompa nikiwa nimechelewa miaka kadhaa.

Kwanza, swali lenyewe lilikuwa limepindwa, na waliolipinda ni sisi. Tulimfundisha mama yule kwamba imani ni kuwa na uhakika wa jambo litakalotokea. Mtu akifundishwa hivyo, jambo lisipotokea hubakiwa na milango miwili tu: amlaumu Mungu au ajilaumu mwenyewe. Milango yote miwili inampeleka pabaya. Wa kwanza unamtoa kanisani. Wa pili unambakiza kanisani akiwa amevunjika, akifunga na kuomba ili aongeze kiasi cha imani, kama mtu anayeongeza mawe kwenye mizani.

Kuna mstari wa nabii Yeremia tunaoupenda sana. Utauona umeandikwa kwenye vioo vya mabasi, kwenye kalenda za maduka na kwenye kadi za harusi. Ni ule unaosema kwamba Mungu anawakusudia watu wake mema, ili wawe na tumaini la siku zijazo. Ni neno la kweli na ninaliamini. Lakini ni wangapi kati yetu wamesoma barua nzima ambamo mstari huo umo?

Ilikuwa barua ya kwenda ng'ambo. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Hawakuwa wameenda kibiashara, walipelekwa kwa nguvu, na kila mmoja alitaka kujua jambo moja tu: tunarudi lini? Kulikuwa na nabii aliyeitwa Hanania aliyewapa jibu walilolitaka. Alisema miaka miwili. Yeremia akawaandikia kwamba si miwili, ni 70. Maana yake ni kwamba wengi wa wale walioisomewa barua ile wangefia huko huko. Kisha akawaambia la kufanya: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wautafutie amani mji ule wa ugenini, kwa sababu amani ya mji ndiyo ingekuwa amani yao. Akawaonya wasidanganywe na manabii walio katikati yao.

Mstari wa kwenye vioo vya mabasi unakuja baada ya hayo yote. Mungu anawakusudia mema, lakini hakuwapa tarehe waliyoitaka. Aliwapa kazi ya kufanya. Sisi tumeukata mstari ule kutoka kwenye barua yake, tukaacha miaka 70 na bustani, na tukamwajiri Hanania awe mshauri wetu wa biashara.

Tazameni miaka iliyofuata katika eneo letu, mwone kama kuna mtu angeweza kuikisia. Julai 2019 Ebola ilifika Goma, na tarehe 1 Agosti mpaka wa Rubavu na Goma ukafungwa kwa saa kadhaa. Akina mama waliobeba nyanya na maziwa vichwani walikwama, na vivyo hivyo ndugu zetu wenye ulemavu ambao husukuma mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu kwenye ile Petite Barrière. Machi 2020 ikaja korona. Usiku wa tarehe 21 Rwanda ikafunga mipaka, na Kigali nzima tukakaa ndani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ukalipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka kuja Rubavu usiku, wakiwa na watoto na magodoro. Aprili 2022 Kongo ikatia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tukashangilia. Miezi miwili baadaye hali ya mpaka huo huo ikachafuka tena. Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake na Rwanda, na waliozoea kupita Nemba na Akanyaru wakarudi na mizigo yao.

Mtume Yakobo aliwaandikia watu kama sisi hasa. Aliwasema wale wanaopanga kwamba leo au kesho wataingia mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara na kupata faida, ilhali hawajui kesho itakuwaje. Aliwashauri waseme, Bwana akipenda tutaishi na kufanya hili au lile. Jirani zetu Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo husema inshallah kabla ya kila safari, na sisi Wakristo wakati mwingine tunawacheka kana kwamba ni neno la kukwepa ahadi. Kumbe Yakobo alikuwa akituomba adabu hiyo hiyo. Angalieni pia kwamba hakuwakataza kufanya biashara wala kupanga safari. Alikataza kujisifu kwa kesho isiyokuwa yetu.

Sasa kuna kosa la pili, lililo kinyume cha la kwanza, na linasemwa na watu wenye nia njema wanaokuja kukufariji. Wanasema, "Usilie, ni mpango wa Mungu." Mpaka umefungwa, mpango wa Mungu. Umedhulumiwa na muuzaji, mpango wa Mungu. Hata ule msemo wetu, kwamba binadamu hupanga na Mungu hupangua, ukiusikiliza vizuri unamfanya Mungu awe kama afisa mkorofi anayekungoja mwisho wa barabara ili aikatae hati yako.

Hapa Kigali neno hilo haliwezi kusemwa kwa wepesi. Anayekwenda Nemba hupita Nyamata. Kando ya barabara ile kuna kanisa, na Ntarama haiko mbali nalo kuna jingine. Mwaka 1994 Watutsi walikimbilia ndani ya makanisa hayo wakiamini kwamba nyumba ya Mungu ingewakinga, nao wakauawa humo. Mtu aliyesimama mbele ya nguo zao zilizohifadhiwa pale hawezi kufungua kinywa na kusema ulikuwa mpango wa Mungu. Ulikuwa mpango wa watu. Waliuandaa watu, wakaufundisha watu, wakautekeleza watu, na baadhi yao walishitakiwa wakiitwa kwa majina yao.

Wanyarwanda tuna methali ya kale: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, jioni hurudi kulala Rwanda. Wapo manusura ambao walishindwa kuitamka methali hiyo kwa miaka mingi, na siwalaumu. Wapo wengine walioitamka tena, polepole, si kwa sababu walipata maelezo, bali kwa sababu waliona kwamba walio hai bado walikuwa na watoto wa kulea na mashamba ya kulima, na kwamba katika kazi hiyo hawakuwa peke yao. Imani ya namna hiyo siithubutu kuifundisha. Nimejifunza tu kutokuitumia jina la Mungu kufunika kazi ya wanadamu.

Kwa wafanyabiashara jambo hili lina maana ya kila siku. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na iliahidi kwamba watu na bidhaa vitapita kwa uhuru. Mpaka unapofungwa kwa sababu wakubwa wamekosana, huo ni uamuzi wa watu wenye ofisi na saini. Tunaweza kuwaombea, na tunapaswa. Lakini kuwaombea hakutuzuii kuwauliza, kupitia vyama vyetu na wabunge wetu wa Afrika Mashariki, kwa nini muuza nyanya ndiye analipa gharama ya ugomvi asioujua. Tukiuita kila uamuzi wao mpango wa Mungu, tunawapa wakubwa msamaha ambao hawajauomba.

Basi kama kumtegemea Mungu si kujua tarehe, na si kukubali kila kitu kinachotuangukia, ni nini? Nitajibu kwa barabara tuliyoizoea.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akitibu wagonjwa Gahini, kando ya ziwa Muhazi, alikwenda Kampala akiwa amechoka na amekata tamaa. Huko akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na hayo, katika miaka ya 1930 ukatokea uamsho ambao kutoka Gahini ulivuka mipaka yote ya eneo hili. Mwaka 1935 kundi la watu wa Gahini lilikwenda kuhubiri Kabale, mji ambao kila mfanyabiashara anayepita Gatuna anaujua. Uamsho ule ukaenea Uganda yote, Burundi, Kenya na Tanganyika. Mpaka leo wazee wa nchi hizo wakikutana, hata kama hawana lugha moja, wanaweza kuimba pamoja Tukutendereza.

Ninachotaka mkione ni alama iliyowatambulisha watu wale. Haikuwa utabiri. Waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni yao. Mtu alikuwa akiokoka leo, kesho yake utamwona njiani na mbuzi au jembe, anampelekea mwenyewe. Waajiri na wenye maduka walishangaa kuona mali zilizosahaulika zikirudi. Waliamini kwamba mtu aliye mikononi mwa Mungu haogopi kusema ukweli kuhusu pesa, maana hahitaji tena uongo umlinde.

Hapo ndipo ninapomrudia yule mama. Wiki iliyofuata nilimwomba aje kwenye kikao cha kikundi, naye akaja. Alisimama akaeleza kila kitu, pamoja na jina la muuzaji na kiasi cha pesa. Watu walipiga kelele. Mmoja alitaka tukachukue godoro lake na sufuria zake siku hiyo hiyo. Ndipo na mimi nikasimama, magoti yakitetemeka, nikasema kwamba kanuni ilivunjwa na mweka hazina, kwa hiyo sehemu ya deni ni yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Mei kufanya jambo lililofanana na imani, na sikujisikia mtakatifu hata kidogo. Nilijisikia mjinga.

Tulikubaliana alipe kidogo kidogo kila wiki, na mimi vivyo hivyo. Aliacha kungoja Kampala. Akaanza kuamka saa kumi usiku kununua mboga na ndizi mbichi kwa wakulima, na kuzitembeza mtaani kwa beseni hadi alipopata tena kibanda. Korona ilipokuja, malipo yakasimama kwa miezi kadhaa, na kikundi kikakubali kusubiri. Alimaliza deni Oktoba 2021. Sitaki kuipamba habari hii. Watoto wake wawili walikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa vifaa vya shule. Mwanachama mwingine, ambaye naye alikuwa akitegemea akiba ile, alihama Kigali usiku bila kuaga, na hadi leo sijui yuko wapi. Ninamwombea, na najua kwamba maombi yangu hayamrudishii pesa zake.

Gatuna ilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu kamili tangu ifungwe. Kwanza yalipita malori, na wasafiri wa kawaida wakaanza kupita Machi mwaka huo. Hakuna mhubiri hata mmoja kati ya ninaowafahamu aliyeitaja tarehe hiyo. Mama yule alipofika Kampala, yule muuzaji alikuwa ameshafunga duka na kutoweka. Alinunua mzigo mdogo kwa pesa zake mwenyewe, akarudi siku ya pili yake.

Kuna kisa katika Matendo ya Mitume ambacho sikuwahi kukielewa hadi baada ya miaka ile. Paulo alipanga safari ya kuhubiri katika jimbo la Asia, akazuiwa. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena. Barabara mbili zimefungwa, na hakupewa maelezo. Akateremka hadi pwani ya Troa, na kutoka hapo akavuka bahari kwenda Makedonia, safari ambayo haikuwa kwenye ratiba yake. Alipofika Filipi, kando ya mto, mtu wa kwanza kuipokea habari yake alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa ng'ambo, Lidia, muuza nguo za zambarau. Kwao alikotoka ni Thiatira. Na Thiatira iko Asia, kule kule Paulo alikozuiwa kwenda.

Ninakipenda kisa hiki kwa sababu mfanyabiashara wa mpakani ndiye aliyekuwa mlango. Lakini ninakipenda pia kwa sababu hakidanganyi. Baadaye Paulo alichapwa viboko katika mji huo huo na kufungwa gerezani. Barabara mpya haikuwa laini. Na wakati alipokuwa Troa akitazama bahari, hakujua lolote kuhusu Lidia. Alijua tu hatua iliyofuata.

Kwa hiyo, wafanyabiashara wenzangu, naomba niseme mambo machache ya kawaida kabisa, ambayo naamini ni ya kiroho kuliko tunavyodhani.

Usikope pesa za wenzako kwa sababu ya unabii. Kama Mungu amekuambia jambo, hatakosea kwa wewe kufuata kanuni za kikundi. Kanuni ya wadhamini wawili haimzuii Roho Mtakatifu. Inatulinda sisi dhidi ya tamaa yetu iliyovaa nguo za ibada.

Usiweke mtaji wote ng'ambo moja. Yusufu kule Misri alifasiri ndoto ya Farao kuhusu miaka saba ya njaa, na alichofanya ni kuweka akiba ya nafaka. Aliyemwamini Mungu kuliko wote katika nchi ile ndiye aliyekuwa akihesabu magunia.

Mpaka ukifungwa, usikimbilie njia za panya ukidhani Mungu atafumba macho kwa sababu una watoto. Ninajua njaa ni nini, na simhukumu mtu. Lakini watu wamepoteza mali huko, na wengine wamepoteza maisha. Mwenye shida aje kwenye kikundi mapema, kabla deni halijamfundisha kujificha. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya kushindwa kulipa ni kusema.

Na kwenu wachungaji wetu: mtufundishe barua nzima ya Yeremia. Msituahidi tarehe. Watu wanaowasikiliza si watazamaji. Wana pesa mkononi na watoto nyumbani, na wakitoka hapo wanakwenda kukopa.

Mwaka jana nilimuuliza yule mama kama bado analitaka jibu la swali lake la ile Jumapili. Alikuwa akipanga mafungu ya mboga, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mzee, nilimwomba Mungu anionyeshe mpaka utafunguliwa lini. Yeye akanipa kazi ya kufanya Jumatatu." Kisha akaniuliza kama nanunua au nimekuja kumzuia wateja.

Kikundi chetu bado kipo. Tumebaki 19. Sanduku sasa lina funguo tatu, na mimi sishiki hata mmoja, jambo linalonipa usingizi mzuri. Jumatano jioni bado tunaomba, na mipaka bado tunaiombea yote, ile iliyo wazi na ile iliyofungwa. Akija mhubiri mgeni na kututajia tarehe, tunamkaribisha kwa heshima na kumpa soda. Kisha katibu wetu humuuliza, kwa upole kabisa, kama yuko tayari kutia saini awe mmoja wa wale wadhamini wawili.